Anayegonga Geti la Mzee Makufuli

Geti la Mzee Makufuli liligongwa mchana, saa ile ambayo hata nzi hutafuta pa kulaza ubavu. Lilikuwa geti la chuma, rangi ya kijani, refu kuliko mwenyewe, na lilipogongwa mlio wake ulitambaa kichochoro kizima kama mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni kwa mkwe: kila mtu kasikia, hakuna aliye radhi kuuliza.

Ngwaa!

Zikaanza kusikika kufuli. Mzee huyo alikuwa mtunza ghala maisha yake yote, na siku alipostaafu ghala lilibaki, mazoea akaondoka nayo. Geti lake lilikuwa na komeo juu, komeo chini, mnyororo katikati, na kufuli kila mahali ambapo kufuli inaweza kuning'inia. Kulifungua kulitaka subira ya mtu anayengoja maharage yaive. Mpaka atoe kichwa nje, kichochoro kilikuwa kitupu, kimebaki na mchanga wake na kivuli cha ukuta.

"Nani huyo?" alifoka. "Kama mwanamume kweli, jitokeze!"

Ng'ambo ya kichochoro, barazani kwake, Bi Pindo alikuwa ameinamia cherehani. Jina hilo alipewa na mtaa, maana hapakuwa na suruali ya shule wala gauni la kazini ambalo pindo lake halikupita mikononi mwake.

"Jirani," alisema bila kuinua uso, "kama unatafuta mwanamume, hapa umekosea nyumba. Sisi tunaye mmoja tu, naye ana upanga kichwani."

Mzee Makufuli hakucheka. Huyo mwenye upanga kichwani ndiye aliyekuwa chanzo cha maneno yote. Jogoo wa Bi Pindo aliwika chini ya dirisha la mzee, na hakuwika kwa adabu alfajiri kama majogoo wengine. Aliwika akijisikia kuwika. Mzee alikuwa ameshampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesi ikaisha kwa kuambiwa wavumiliane. Haukupita muda geti likaanza kugongwa. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu magunia, hesabu hiyo ilikuwa nyepesi: mwenye jogoo kakasirika, mwenye jogoo analipiza.

"Cheka tu," alisema mzee, na kufuli zikaanza kurudi mahali pake, moja baada ya nyingine. "Za mwizi ni arobaini."

"Na za kufuli ni ngapi?" sauti nyingine ikauliza kutoka ndani ya nyumba.

Hiyo ilikuwa sauti ya Wifi. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Bi Pindo, na tangu msiba ule wanawake hao wawili walikaa pamoja. Watu walisema mawifi wawili chini ya paa moja ni paka wawili ndani ya gunia moja. Hawakukosea sana, ila walisahau kwamba usiku ukiwa na baridi, paka walio ndani ya gunia hupeana joto.

"Wifi, nyamaza," alisema Bi Pindo.

"Nimeuliza tu. Kuuliza nako kuna kufuli?"

Nyumba yao na ya mzee zilikuwa za mwisho kabisa mtaani. Nyuma ya banda la kuku palikuwa na ua wa miiba, na nyuma ya ua bonde, na bondeni kijito na kichaka ambacho mji ulikuwa bado unakipigia mahesabu. Kuku walichakura hapo mchana kutwa. Bi Pindo aliwapenda kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kuomba likizo. Asubuhi alimpa Wifi sindano zote amtungie uzi, kwa kisingizio kwamba yeye ana haraka, akazichomeka kwenye mto mdogo, akazitumia moja moja mpaka jioni. Uzi ukikatika kabla ya wakati, alijifanya amechoka na kwenda kuwatazama kuku. Alijua kabisa kwamba ipo siku cherehani itamkataa, na siku hiyo atakachobaki nacho mwanamke wa umri wake ni mabawa na mayai. Ndiyo maana neno "kuku waondoke," ambalo Mzee Makufuli alianza kulitembeza mtaani, lilimchoma kuliko pini.

Sasa kuhusu mayai. Kuku wengi ni wanafunzi wa kuiga: hutaga pale wanapoona yai tayari. Kwa hiyo wafugaji huweka kwenye kiota kitu kinachofanana na yai, wengine jiwe, wengine balbu ya taa iliyoungua. Wifi hakukubali ovyo kama hayo. Yeye alichukua ganda la yai lililotobolewa juu, akalijaza uji wa saruji, akaliacha likauke, kisha akalimenya taratibu. Likatoka yai la saruji lililo yai kweli, na tumbo lake na ncha yake, akalipaka chokaa likawa jeupe. Chini aliandika alama ya msalaba kwa mkaa, baada ya Bi Pindo kuchemsha moja siku ya wageni. Lilichemka asubuhi nzima likagoma kuiva, na mgeni aliyepewa hajarudi mpaka leo.

Lakini siku hizo, pamoja na mayai ya mfano, mayai ya kweli yalipungua.

"Kuku wote hawa, yai moja?" Bi Pindo alisema akiwa amechutama mlangoni mwa banda. "Wifi, una njaa ya siri?"

"Mimi nikila yai lako nitaanza na wewe, nikuwekee saruji kinywani."

"Basi nani anakula?"

"Muulize mumeo mwenye upanga. Yeye ndiye kutwa anashinda nao."

Wakacheka, lakini Bi Pindo aliondoka na shaka yake mfukoni. Shaka hiyo ilipata rafiki siku iliyofuata, alipokwenda kumwaga takataka na kuona kitu cheupe kizingitini mwa geti la jirani. Aliinama. Yai la saruji. Aliligeuza: msalaba wa mkaa. Aligeuza tena: ubavuni lina doa la rangi ya kijani, rangi ileile ya geti.

Ni nani hapa nyumbani mwenye mkono usiotulia, ulimi usiotulia, na chuki na kufuli? Alilitumbukiza yai kwenye upande wa khanga, akarudi, akalizika chini kabisa ya kopo la vifungo. Aliwaza: kama Wifi anafanya hivi, anafanya kwa ajili yangu na kuku wangu, na mtu hamchomi anayemchomea mahindi. Lakini mtu mzima, na mvi zake, anavizia geti la watu mchana! Jioni ile alimtazama Wifi akila, akajikuta anautazama mkono wake wa kulia kama wa mgeni.

Ajabu ni kwamba Wifi naye alikuwa akimtazama yeye.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akauliza Bi Pindo.

"Mbona wewe unaniangalia hivyo?"

"Nipitishie chumvi."

"Chumvi iko mbele yako."

Geti likaendelea kugongwa, na siku moja Mzee Makufuli akawahi. Hakumwona mgongaji, lakini aliokota yai. Akalibeba kwenye leso mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa unyoaji, na kwa ajili hiyo alikuwa amezoea watu wanaomwinamishia kichwa. Mwenyekiti akaja na leso ile, akaifungua juu ya meza ya cherehani kama mtu anayefunua maiti.

"Yai hili la nani?"

"La kuku," alisema Wifi.

"La kuku wa nani?"

"Hapo muulize kuku, sisi hatukuwepo akitaga."

"Mama, hili ni la saruji!"

"Basi kuku huyo apewe kandarasi ya ujenzi."

Mwenyekiti alimgeukia Bi Pindo, akidhani huko ndiko kwenye nafuu. "Mama yangu, mimi nakuheshimu, umenishonea suruali hii niliyovaa. Lakini mtaa mzima unajua mayai haya yanatengenezwa hapa. Nasema mara moja. Geti likigongwa tena, na ikathibitika limegongwa na mtu wa nyumba hii, kuku waondoke. Wote, na jogoo wao. Mzee huyu naye anahitaji kulala."

Mzee Makufuli alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, funguo zikilia kiunoni kila alipopumua.

Bi Pindo alitaka kuapa kwamba siye, na angeweza kuapa. Ila angeapa upande wake tu, na upande wa Wifi je? Alisema, "Tumesikia, Mwenyekiti," na Wifi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema neno lilelile, kwa sauti ileile, bila kuongeza chumvi. Hilo ndilo lililomwogopesha Bi Pindo kuliko yote.

Siku iliyofuata, jua lilipopanda, alikusanya suruali zilizokwisha kukunjwa. "Napeleka kazi za watu," alisema. "Nitachelewa."

"Chelewa tu," alisema Wifi. "Mimi nakwenda kulala. Kichwa kinanigonga."

"Kinakugonga?"

"Kinaniuma, nimesema."

Bi Pindo alitembea mpaka kwenye kona, akangoja kidogo, kisha akazunguka kupitia bondeni. Mkabala na geti la kijani, upande wa miiba, palikuwa na lundo la matofali ambalo mtu fulani alilinunua wakati ana ndoto, ndoto ikaisha matofali yakabaki. Akalikaribia kwa magoti, suruali za watu zimefungwa kichwani kama kilemba, akapenya kwenye pengo la nyuma. Na pale kwenye pengo akakanyaga mguu.

"Aah!"

"Shh!"

"Wifi!"

"Pindo! Si umekwenda kupeleka kazi?"

"Si umelala kichwa kinakuuma?"

Walikuwa wamechuchumaa uso kwa uso, mmoja na kilemba cha suruali, mwingine na ungo alioushika mbele ya kifua eti umfiche.

"Nimekuja kukukamata," alisema Bi Pindo.

"Unikamate mimi? Mimi nimekuja kukukamata wewe! Nimeokota yai lako hapo getini wiki iliyopita, nikalificha kwenye unga ili usiaibike. Usiku silali, nasema wifi yangu amezeeka vibaya, ameanza kurusha mawe kama mlevi."

"La kwako nimelificha kwenye vifungo!"

Walitazamana. Kicheko kilianza kumpanda Wifi kutoka tumboni, akakiziba kwa ungo.

"Kama si wewe," alinong'ona Bi Pindo, "na si mimi..."

Ngwaa!

Waligeuza shingo pamoja.

Mbele ya geti palikuwa na mnyama. Mrefu kiasi cha mkono wa mtu, mwembamba, rangi ya majivu na mistari mistari mgongoni kana kwamba ameegemea ukuta uliopakwa rangi kabla haujakauka. Pua kama sindano ya magunia, macho mekundu ya kutopata usingizi. Nyuma yake walikuwapo wenzake, wengine wananusa mchanga, wengine wamesimama wima kwa miguu ya nyuma kama wazee wanaoangalia mvua inatokea wapi, wote wanapiga kelele ndogondogo kama za ndege.

"Nguchiro," Wifi alisema kwa pumzi.

Yai la saruji lilikuwa limebingirika mpaka katikati ya njia. Yule mkubwa alilifuata, akalinusa, akalizunguka, akalikumbatia kwa mikono na kulirudisha mpaka kizingitini. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Pindo hakuwahi kuliona katika maisha yake yote, na maisha yake yalikuwa yameona mengi. Akaligeuzia geti mgongo. Akalishika yai kwa viganja viwili kama mpishi anayeshika kinyunya, akainua makalio, akalisukuma yai kwa nguvu katikati ya miguu yake ya nyuma, kinyumenyume.

Ngwaa!

Akageuka haraka kuona kama limepasuka. Halikupasuka. Akalitazama yai. Akawatazama wenzake. Mtu angeapa kwamba alitahayari.

"Mama weee," alisema Wifi. "Anavunja! Ndivyo anavyovunja mayai! Ndiye anayekula mayai yetu, Pindo, na mimi nimetukanwa mwezi mzima!"

"Na lako la saruji limemshinda."

"Limshinde! Nililichanganya mwenyewe."

Ndani, kufuli zikaanza. Ka. Kra. Kwa mlio wa kwanza wa mnyororo nguchiro wote waliinua vichwa, na kabla ya mlio wa pili walikuwa wametiririka kwenye miiba kama maji yanavyoingia kwenye ufa. Mawifi wawili wakatoka mbio nyuma ya matofali, Wifi mbele akiwa na ungo, wakafika getini kuokota ushahidi. Geti likafunguka. Mzee Makufuli akawakuta kizingitini kwake, wanahema, mmoja ana suruali kichwani, mwingine ana yai mkononi.

"Ahaa," alisema mzee taratibu, kama mtu anayeonja asali.

Mwenyekiti aliitwa kwa simu, akaja na kitambaa cha kunyolea begani na mteja nyuma yake aliyekwisha kunyolewa upande mmoja, ambaye alisema hawezi kubaki kinyozini peke yake na kichwa cha namna hiyo.

"Ni nguchiro, Mwenyekiti," alisema Bi Pindo. "Tumemwona kwa macho yetu. Analigeuzia geti mgongo, anarusha."

"Anarusha kwa nini?"

"Avunje, ale. Hajui kwamba hili haliliki."

"Mnyama anarusha," alirudia Mzee Makufuli. "Kesho atapiga hodi na kuulizia watoto."

"Mtu mzima haoni haya kubisha asichokijua?" Wifi alipaza sauti. "Ngoja nikuonyeshe."

"Wifi, usi..."

Lakini Wifi alikuwa ameshaligeuzia geti mgongo. Alikunja khanga katikati ya magoti, akainama mpaka kichwa kikatazama alikotoka, akalishika yai kwa viganja viwili na kulirusha kinyumenyume kwa nguvu zake zote.

Ngwaa!

Mteja mwenye nusu ya nywele alifunika uso kwa kitambaa cha kunyolea.

"Mwenyekiti," alisema Mzee Makufuli, "mimi sina swali lingine."

"Mama zangu," alianza Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyekwisha kuamua, "mimi nilisema..."

Bi Pindo aliona kuku wake wanaondoka. Aliwaona kabisa, mmoja mmoja, miguu imefungwa, vichwa chini. Na hapo, badala ya kulia, akili yake ilikwenda kwenye kiuno cha jirani, penye zile funguo.

"Mzee," alisema, "wewe ulikuwa mtunza ghala. Ulipotaka kujua kama kitu kinaibwa na watu wa ndani au wa nje, ulifanyaje?"

Mzee Makufuli alimtazama. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za ghala tangu alipostaafu.

"Nilihesabu watu," alisema. "Wote nikawaingiza ndani, nikafunga. Kilichotokea nje wakati huo, si chao."

"Basi tuingize ndani. Sote. Funga unavyojua mwenyewe. Yai libaki nje kizingitini. Geti likigongwa huku sisi tuko humu, tutajua. Lisipogongwa mpaka jua lipungue, kuku wangu nitawatoa mwenyewe."

"Pindo!" alisema Wifi.

"Nitawatoa mwenyewe," alirudia Bi Pindo.

Mzee Makufuli aliwahesabu kwa kidole: Bi Pindo, Wifi, Mwenyekiti, mteja wa nusu kichwa. Akawaingiza, akafunga. Alifunga vizuri kuliko siku zote, kwa fahari, kila komeo kwa zamu yake, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu aliyemcheka. Ua wake ulikuwa mtupu na safi, kiti kimoja kivulini, kikombe kimoja juu ya kiti. Bi Pindo alikiona kikombe kile akageuza macho pembeni. Katikati ya geti, usawa wa uso, palikuwa na tundu la kuchungulia, dogo, la jicho moja, ambalo mzee, kwa haraka ya kufuli, hakuwahi kulikumbuka geti lilipogongwa.

"Mimi ndiye mwenyekiti," alisema Mwenyekiti na kulisogelea.

"Na mimi ndiye mwenye geti," alisema mzee na kuliziba kwa paji la uso.

Wakangoja. Kivuli cha ukuta kilitambaa. Mteja aliuliza kama kuna mwenye kioo. Hapakuwa na mwenye kioo. Jogoo aliwika, Mzee Makufuli akaguna bila kuondoa jicho. Wifi alianza kusema kitu, Bi Pindo akamfinya. Kisha, kutoka upande wa pili, kelele ndogondogo za ndege.

Mgongo wa mzee ukakakamaa.

"Nini?" alinong'ona Mwenyekiti.

Hakujibu.

"Mzee, unaona nini?"

Bi Pindo aliitazama shingo ya mzee kwa nyuma, ngozi ile iliyokunjamana kwenye kola, akaelewa jambo ambalo hakuliwaza alipotoa shauri lake: jicho ni moja, tundu ni moja, na mwenye jicho hilo ndiye anayetaka jogoo aondoke. Ataweza kusema ni mtoto aliyetumwa. Ataweza kusema hakuona kitu. Kufuli zote ni zake, na ulimi pia una kufuli.

Ngwaa!

Wote waliruka. Ngwaa! tena, na chuma kikatetemeka mbele ya uso wa mzee, lakini hakurudi nyuma hata unywele.

"Limegongwa," alisema Mwenyekiti, "na sisi tumo humu. Mzee, nani kagonga? Nahitaji neno lako."

Mzee Makufuli aliinua mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, kama mtu anayenyamazisha darasa. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya mtunza ghala.

"Anakunja mgongo," alinong'ona. "Anakunja mgongo hivi... anashika kwa mikono... Mama huyu alionyesha sawasawa kabisa. Sawasawa! Ah! Amegeuka kuangalia. Anashangaa, masikini."

"Nani?"

"Kuku wakae, Mwenyekiti. Nyamazeni. Anarudia."

Bi Pindo aliegemea ukuta. Wifi alimshika kwa mkono wake uleule wa kulia usiotulia, na kwa mara hiyo ukatulia.

Baada ya hapo palikuwa na vurugu za kunong'ona. Mwenyekiti alisema hawezi kuandika uamuzi wa kitu ambacho hajakiona, akamsogeza mzee kwa bega. Mzee alisema zamu yake haijaisha. Mteja alisema yeye amelipia kunyolewa na amepata hasara, angalau aone. Wifi alisema yeye alishawaona, ila hajawaona kwa mbele. Walisukumana kimya kimya pale kwenye tundu kama watoto kwenye mlango wa harusi, kila mtu akipewa jicho moja na pumzi mbili, na kila aliyetoka alitoka na uso ambao hakuingia nao.

"Na nyie mtajuaje banda limetobolewa wapi?" Mwenyekiti aliuliza, akijikumbusha cheo.

"Nitaziba," alisema Wifi.

"Msizibe matundu yote leo," alisema Mzee Makufuli haraka, kisha akakohoa. "Yaani... mzibe vizuri. Bila haraka. Mimi nina waya nyumbani, nitaleta mwenyewe. Na yale mayai ya saruji, mama, kama una la ziada..."

"La kufanyia nini?" Wifi alikuwa ameshajua, lakini alitaka aseme.

"La kuweka tu hapa nje."

"Na usingizi wa mchana?"

"Usingizi nitalala kaburini."

Bi Pindo ndiye aliyebaki wa mwisho. Hakuna aliyempisha, alijipisha mwenyewe, akawapita wote kwa kiwiko cha mshonaji kilichozoea foleni za duka la vitambaa. Akaweka jicho. Chuma kilikuwa cha moto kwenye shavu lake.

Yule mkubwa alikuwa amekata tamaa, amelala ubavu kizingitini anajikuna. Mbele yake alikuwa amesimama mtoto, mdogo kama kiatu cha mtoto mchanga, mkia bado haujajua kazi yake. Mtoto alilitazama yai. Akamtazama mkubwa. Akaligeuza, akalikumbatia, likamzidi, likamwangusha, akaamka. Akageuza mgongo, lakini akaugeuzia upande usio na geti. Akainua makalio juu kabisa, akajikaza, macho yakafumba, akarusha.

Bi Pindo alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

"Nini?" alisema Wifi nyuma yake. "Pindo, nini?"

"Kumetokea nini?" alisema Mwenyekiti.

"Mama, tuambie!" alisema Mzee Makufuli, na funguo zake zikalia zote kwa pamoja.

Bi Pindo aliinua mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, wala hakugeuka.